Nanga Moja Ilivyotuzimia Mtandao

Siku ukishuka Mama Ngina kula mihogo, hebu ziangalie zile meli zinazongoja zamu nje ya bandari. Sisi wa Ganjoni tumezizoea hadi hatuzioni. Mimi huzikodolea macho, kwa sababu meli kama hizo ndizo zilizowahi kuivuruga intaneti ya Kenya na majirani zake kwa nanga moja tu.

Ilikuwa Jumamosi, Februari 25, 2012. Meli iliyokuwa ikisubiri kuingia bandarini ilitia nanga mahali palipokatazwa, ikaukata TEAMS, mkonga wa baharini unaotoka Fujairah kule Imarati hadi hapa Mombasa. Siku nane kabla yake mikonga mitatu ilikuwa imekatika Bahari ya Shamu, EASSy ikiwemo, na huo pia unatua kwetu. Kwa hivyo TEAMS ndiyo iliyokuwa imebebeshwa mzigo wa wenzake. Halafu nayo ikaenda. Yaani kila mtu alikuwa na mpango wa pili, na mpango wa pili wa kila mtu ulikuwa ni uleule.

Kisiwa hiki kimeishi kwa waya wa baharini kitambo sana. Mwaka 1890 Waingereza walilaza waya wa simu za maandishi kutoka Unguja hadi Mombasa. Baadaye tukategemea setilaiti, kupitia kituo cha Longonot kilichofunguliwa 1970. Setilaiti hizo ziko juu kama kilomita 36,000, kwa hivyo intaneti ilikuwa ghali na ya kujivuta. Wakubwa zetu wanakumbuka saiba ulizolipia kwa dakika, ukurasa ukifunguka mstari kwa mstari huku pesa inakatwa. Ndiyo maana Juni 2009, TEAMS ilipofika, Rais Kibaki mwenyewe alikuja kuupokea mkonga pale Fort Jesus. Julai SEACOM ikawaka. EASSy ikafuata 2010.

Bei zikashuka, na hapo ndipo tulipojisahau, wasee. Duka lililokuwa na daftari la madeni likahamia kwenye simu. Fundi cherehani akaweka vipimo vya wateja WhatsApp. Malipo yakawa M-Pesa, na wengi hawajui kwamba hadi 2015 kompyuta zilizoiendesha M-Pesa zilikuwa Ujerumani. Ulinunua mahamri hapa mtaani, hesabu yake ikaenda Ulaya na kurudi. Siwalaumu, kazi ilifanyika. Lakini muuza mahamri hakuulizwa kama anataka biashara yake ipitie chini ya bahari mara mbili kwa kila sahani.

Miaka ya karibuni imetupiga makofi mfululizo. Julai 2023 eCitizen ilishambuliwa na kundi lililojiita Anonymous Sudan, na watu wakabaki kwenye foleni na karatasi zao. Mwezi uliofuata, usiku wa Agosti 25, stima ikapotea karibu nchi nzima, na kule uwanja wa ndege wa Nairobi jenereta ikakataa kuwaka kwenye jengo moja la abiria. Hilo la jenereta ndilo linaloniuma zaidi. Ilikuwepo, imenunuliwa, imewekwa, na siku ya shida haikufanya kazi. Bakapu ambayo hujawahi kuijaribu ni pambo.

Nilijionea haya kwa mjomba. Ana chumba cha kuchapisha na kujaza fomu, na mimi nilipoacha chuo nilikaa naye miezi kadhaa. Mjomba si mjinga, alikuwa analipia laini mbili za kampuni mbili tofauti. Jumapili ya Mei 12, 2024, EASSy na SEACOM zikakatika upande wa Afrika Kusini. Kwa upande wa kaskazini, SEACOM ilikuwa bado na jeraha la Februari, na inaaminika liliachwa na nanga ya Rubymar, meli iliyopigwa na Wahuthi. Laini zote mbili za mjomba zikaanza kulegalega pamoja. Akanigeukia: "We si ndiye mtaalamu? Mbona nalipa mara mbili nafeli mara moja?"

Sikuwa na jibu siku hiyo. Jibu ni kwamba majina mawili kwenye risiti si njia mbili baharini. Kabla hujalipia laini ya pili, muulize muuzaji inapita mkonga gani. Wengi watakutazama kama umerukwa na akili. Uliza tena.

Ila hata ukijibiwa, duka dogo halitaweza kuuzuia mkonga kukatika. Linaloweza ni kuamua kitu gani kisife nao. Kwa mjomba kilikuwa faili za wateja, zote zilikuwa mtandaoni na hakuna hata moja kwenye mashine. Jumatatu mama mmoja alikuja kuchukua wasifu wa mwanawe, mahojiano ni saa nane mchana. Tulikaa tukitazama kile kiduara kikizunguka, mama akaenda bila karatasi.

Sasa mjomba ana diski ndogo anayonakili kila jioni na kuibeba nyumbani. Kila Ijumaa kabla ya swala anachomoa ruta, anafungua faili tatu kutoka kwenye diski na kuchapisha moja. Jirani anamcheka, eti mzee anapoteza wino.