Hukumu ya Kumbikumbi katika Nchi ya Masasi na Newala

Mvua za kwanza zinapoishukia Masasi na uwanda wa juu wa Newala, kusini mwa Tanzania, baada ya kiangazi ambacho watu wa juu hukipitisha kwa dhiki kubwa ya maji, kumbikumbi hutoka vichuguuni kwa maelfu, nao wenyeji huwapokea kuwa ni rizki: huwapukuta mbawa, huwakaanga kwa mafuta yao wenyewe, na wanaosalia huwaanika, kwa kuwa asiyekauka vema huoza upesi.

Uislamu ulipopanda bara kutoka Lindi na Mikindani, ulifuatana na madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo humhalalisha nzige hata akiwa mfu, lakini wadudu watambaao huwaharimisha. Naye Askofu Edward Steere, alipowaleta Masasi mwaka 1876 watumwa waliokombolewa, alikuja na Biblia ambayo, katika Mambo ya Walawi, humruhusu nzige na kuwakataza wadudu wengi wengineo. Basi dini zote mbili zilimfungulia nzige mlango, na kumbikumbi akasalia katika himaya ya desturi, ambayo naiona kuwa sheria kamili, ijapokuwa haikuandikwa.

Serikali za zama zetu zimeingia katika hukumu ya wadudu kwa njia ya lishe ya mifugo. Umoja wa Ulaya, ambao mwaka 2001 ulipiga marufuku protini za wanyama katika lishe hiyo kwa khofu ya kichaa cha ng'ombe, uliruhusu mwaka 2017 protini ya wadudu wa namna saba kwa samaki wafugwao, na mwaka 2021 kwa kuku na nguruwe. Kenya nayo ilitoa kiwango chake mwaka 2017. Kanuni za Ulaya humhesabu mdudu afugwaye kuwa mfugo, na humwuliza mfugaji amemlisha nini.

Lakini kumbikumbi wa Newala halishwi na mtu, na ardhi aitokayo ni ya mikorosho, ipuliziwayo salfa kwa ajili ya ugonjwa wa ubwiriunga, na dawa nyingine kwa ajili ya mdudu aitwaye mbu wa mikorosho. Nzige walipoivamia Kenya mwaka 2020, watu walionywa wasiwale waliopuliziwa sumu, na onyo hilo lilikuwa la haki. Kwa hiyo atakayeandika kanuni ya kumbikumbi na aanzie shambani, aulize ni dawa gani iliyopulizwa na lini, kisha awasikilize wanawake wanaomwanika.