Fahamu Afya ya Mbwa Aina ya Chihuahua: Kinga na Dalili za Matatizo Yanayompata Mara kwa Mara

Mbwa aina ya Chihuahua, ambaye jina lake limetokana na jimbo la Chihuahua nchini Meksiko, ni miongoni mwa mbwa wadogo kuliko wote duniani. Aliyekomaa huwa na uzito wa takriban kilo 1.5 hadi 3. Kwa kuwa hahitaji eneo kubwa, huweza kufugwa hata katika nyumba ndogo za mijini, na akitunzwa vizuri huweza kuishi zaidi ya miaka 12.

Hata hivyo, udogo huo una gharama yake. Mwili wa Chihuahua una akiba ndogo ya nguvu, maji na damu, hivyo tatizo ambalo mbwa mkubwa angelistahimili kwa siku mbili au tatu laweza kumwangamiza kwa saa chache. Kwa sababu hiyo, mfugaji anapaswa kuzifahamu dalili za awali na kuchukua hatua mapema.

Kupungua kwa sukari mwilini

Hatari hii huwakabili zaidi watoto wa mbwa walio chini ya umri wa miezi 4. Mtoto aliyekosa mlo, aliyepatwa na baridi, anayeharisha au mwenye minyoo huishiwa sukari haraka. Dalili zake ni kulegea, kutetemeka, kuyumba anapotembea, na hatimaye degedege na kuzimia. Kinga ni kumpa milo midogo angalau mara 4 kwa siku, kumhifadhi mahali pasipo na baridi na kumpa dawa za minyoo kwa ratiba ya daktari.

Dalili zikijitokeza, apakwe asali au maji mazito ya sukari kwenye fizi, afunikwe apate joto na apelekwe kwa daktari wa mifugo mara moja. Aliyezimia asinyweshwe kitu chochote, kwa kuwa kinaweza kuingia kwenye mapafu.

Utosi ulio wazi

Watoto wengi wa aina hii huzaliwa na utosi laini, na kwa baadhi yao haufungi hata wanapokomaa. Hali hiyo peke yake si ugonjwa, lakini humlazimu mfugaji kumkinga mbwa dhidi ya kuanguka kutoka vitini, kitandani au mikononi mwa watoto. Iwapo kichwa kinapanuka isivyo kawaida na mbwa anazungukazunguka au anapata degedege, uchunguzi unahitajika ili kubaini kama maji yamejaa katika ubongo.

Kuteguka kwa pia ya goti

Mbwa mwenye tatizo hili huinua ghafla mguu mmoja wa nyuma, huruka hatua chache kwa miguu mitatu, kisha huendelea kutembea kana kwamba hakuna kilichotokea. Wafugaji wengi hudhani ni mchezo. Kadiri muda unavyopita, goti huchakaa na maumivu huongezeka. Kumzuia asinenepe kupita kiasi hupunguza mzigo kwenye goti, na hali ikiwa mbaya hutibiwa kwa upasuaji. Kwa kuwa udhaifu huu hurithiwa, mbwa aliye nao asitumike kuzalisha.

Kikohozi na matatizo ya moyo

Bomba la hewa la mbwa wadogo huweza kulegea na kubonyea. Mbwa hukohoa kikohozi kikavu chenye mlio unaofanana na wa bata bukini, hasa anaposisimka au anapovutwa kwa kamba. Inashauriwa kutumia mkanda wa kifuani badala ya wa shingoni, na kumweka mbali na moshi na joto kali.

Kwa mbwa mwenye umri mkubwa, kikohozi huweza pia kutokana na kuchakaa kwa vali ya moyo. Mfugaji ahesabu pumzi za mbwa akiwa amelala usingizi mtulivu: zikizidi 30 kwa dakika mara kwa mara, daktari ajulishwe. Ulimi au fizi zikigeuka rangi ya bluu, hiyo ni dharura.

Meno

Mbwa aliyekomaa huwa na meno 42, na katika taya dogo la Chihuahua meno hayo hubanana na kushika uchafu. Harufu mbaya ya kinywa, fizi zinazotoa damu na kutafuna kwa upande mmoja ni dalili za ugonjwa wa fizi. Meno yasuguliwe kwa mswaki laini na dawa ya meno ya mbwa, kwa kuwa ya binadamu huweza kumdhuru. Meno ya utoto yaliyosalia baada ya miezi 7 yachunguzwe.

Kupe na matumizi ya dawa

Kupe hueneza magonjwa yanayosababisha homa, kukosa hamu ya kula, fizi kupauka na wakati mwingine mkojo wa rangi nyeusi. Pamoja na kuwadhibiti kupe, mfugaji asimwogeshe Chihuahua kwa dawa ya kuogeshea ng'ombe. Baadhi ya dawa hizo zina amitrazi, kiambato kisichopaswa kutumika kwa mbwa wa aina hii. Vilevile, asipewe dawa za maumivu za binadamu, chokoleti, vitunguu wala zabibu.

Chanjo

Wapo wanaodhani kuwa mbwa anayeishi ndani hahitaji chanjo. Dhana hiyo si sahihi. Virusi vya parvo huingia nyumbani kwa viatu, na mlango ulioachwa wazi kwa dakika moja watosha kumkutanisha na mbwa mwenye kichaa. Chanjo za parvo na distempa huanza katika wiki ya 6 hadi ya 8 na hurudiwa hadi wiki ya 16. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia umri wa miezi 3, kisha hurudiwa kwa ratiba ya mtaalamu. Ugonjwa huu ukishaonesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara huishia katika kifo. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na afike kituo cha afya siku hiyohiyo.

Kwa Tanzania, wataalamu wa afya ya wanyama husajiliwa na Baraza la Veterinari chini ya Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003. Mfugaji anashauriwa kupata huduma kwa mtaalamu aliyesajiliwa, kumpima mbwa wake uzito kila mwezi na kuweka kumbukumbu za chanjo. Mbwa mdogo aliyeacha kula kwa siku moja, au mtoto wa mbwa aliyekosa mlo hata mmoja na kulegea, asisubiriwe hadi kesho.