Ugwe wa Spika

Shuleni kwetu Migori ililetwa orodha ya istilahi za ufundi, karatasi zilizobanwa kwa pini, na katika ukurasa wa tatu pameandikwa hivi: waya wa kipaza sauti. Hapana mfano, hapana mchoro, hapana hata neno moja la kutofautisha kipaza sauti kipi. Waliotunga orodha hiyo walikaa vikao, wakatia sahihi, wakaondoka. Msomaji akaachiwa mzigo.

Mpwa wangu ndiye aliyeubeba. Alikuwa amepata amplifaya ya mtumba na spika mbili za omu 8, moja ya sebuleni na ya pili ya barazani, mwendo wa mita 12 kupitia dirishani. Akaenda Homa Bay na karatasi ile mkononi, akaagiza waya wa kipaza sauti. Kwa muuzaji, kipaza sauti ni kile anachoshika mhubiri, basi akampimia waya wa maiki, na sioni kosa lake. Nilipouchuna kwa wembe nilikuta nyuzi mbili nyembamba, kila moja milimita 0.22 za mraba, zimezungushiwa suka la kukinga mavumo ya umeme. Waya huo umeumbwa kubeba mnong'ono. Kwenda na kurudi ni mita 24, na katika mita hizo ukinzani unafika karibu omu 2. Sehemu moja kati ya tano ya nguvu ilikuwa inaishia njiani, inageuka joto la bure. Spika ya barazani ikatoa benga isiyo na kiuno: gita la besi linasikika kama mtu anayezungumza akiwa chini ya blanketi.

"Mjomba, nimefuata kitabu," akaniambia.

Nilinyamaza, kwa sababu alikuwa amekifuata kweli.

Tuanze na mzizi. Kitenzi ni paa, kwenda juu. Ukikitia usababishi kinakuwa paza, kupeleka juu. Kupaza sauti ni kuiinua. Sasa niulize: katika mnyororo mzima wa muziki wa nyumbani, ni chombo gani kinachoinua? Si maiki, kwani yenyewe hupokea pumzi ya mwimbaji ikaigeuza kuwa mkondo dhaifu wa umeme. Wala si spika, ambayo hupokea mkondo uliokwisha kupewa nguvu, koili yake ikasukumana na sumaku, koni ikatetemesha hewa. Anayepaza ni amplifaya, aliyekaa katikati, na ndiye peke yake aliyenyimwa jina hilo! Jina lake wamepewa majirani wawili wanaofanya kazi zilizopingana, mmoja mwanzo wa njia na mwingine mwisho wake. Wako hata wanaoliandika kipaazasauti, bila kukumbuka kwamba kupaaza, kwa wenye jiwe la kusagia, ni kusaga nafaka ibaki chenga.

Nakubali kwamba maiki ingefaa kuitwa kinasa sauti, ila neno hilo nalo lilikwisha kupewa mashine ya kurekodia. Ndiyo maana nasimama na spika. Najua litakalosemwa: Spika ni yule wa Bunge. Lakini sijapata kuona mtu aliyeingia dukani kutafuta spika akaelekezwa Bungeni. Spika limeingia vinywani, lina sura ya Kiswahili, na halimdanganyi mtu kuhusu kazi ya chombo. Libaki.

Kinachohitaji jina ni kile kinachotoka kwenye amplifaya kwenda kwenye spika. Waya ni neno ninaloliheshimu. Lilikuja kutoka Kiingereza, lakini Kiswahili kililitazama, kikaona kitu kirefu chembamba kinachoanza kwa w, kikalitia katika ngeli ya uzi na ufa: waya mmoja, nyaya nyingi. Hapana kamati iliyoagiza wingi huo. Wasemaji wenyewe waliufanya. Hata hivyo waya limebeba mengi mno, kuanzia ua wa senyenge hadi nguzo za stima. Kebo ni zito zaidi, nalo asili yake ni mbali, Kilatini, capulum, kamba ya kukamatia mnyama. Kwangu, kebo ni kile kilichofukiwa ardhini au kilicholala chini ya bahari.

Ninalolitetea ni ugwe. Ugwe, wingi nyugwe, ni kamba nyembamba. Dada yake mdogo ni kigwe, kile cha kusukwa kinachopamba nguo, na vigwe ni hatamu za farasi. Waganda husema omuguwa kwa kamba, na sikio langu linasikia undugu. Sasa chukua kipande cha kile kinachofunga spika, kichune gamba lake la plastiki sentimita 2, ufunue kilichomo. Hutaona chuma kimoja kigumu kama cha ukutani. Utaona nyuzi nyekundu nyingi, laini, zimesokotwa pamoja, na ukizifungua kwa kidole zinatawanyika kama ncha ya kamba iliyochakaa. Huo ni ugwe! Kilichobadilika ni kwamba katani imekuwa shaba. Na vile vipande vifupi ndani ya kasha la spika, kutoka kwenye skrubu za nyuma hadi kwenye koni, viitwe vigwe. Lugha ilikuwa na vipimo vyote viwili, imeviweka, inangoja.

Sisi wa huku tuna sababu ya ziada ya kulipenda neno hili. Ala yetu ya nyatiti ina nyuzi 8, zamani za kano za ng'ombe na leo za nailoni, na benga ilichukua mwendo wa vidole vya nyatiti ikautia kwenye gita. D. O. Misiani, mwanamuziki wa benga, alitoka Shirati, ng'ambo tu ya mpaka wetu na Tanzania. Muziki wetu tangu awali umepita katika vitu vyembamba vilivyokazwa. Na shaba yenyewe si ngeni: Macalder, hapa hapa Migori, ilichimbwa shaba hadi miaka ya 1960. Neno shaba liliwahi kuwa jina la mkoa mzima, pale Katanga ilipoitwa Shaba kati ya 1971 na 1997. Kwa hiyo tunaposema ugwe wa shaba, kila neno liko nyumbani.

Mwenzangu mmoja, msomi mwenye vyeti kunishinda, alisimama katika mkutano akasema ugwe ni wa kufungia mbuzi. Wasikilizaji wakacheka. Mimi sikucheka, na sijalisahau jambo hilo, kwa kuwa mwenye kucheka hakuleta neno badala yake. Capulum ya Kilatini ilifunga mnyama pia, na leo inapita chini ya bahari ikibeba simu za mabara. Hakuna aliyeikataza kwa ajili ya mbuzi. Nimeiandikia kamati ya orodha ile mara mbili. Barua ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa kwa mstari mmoja, kwamba pendekezo limepokelewa, na toleo lililofuata la orodha likaja na waya wa kipaza sauti pale pale, ukurasa wa tatu.

Kuhusu matumizi: nunua ugwe wa shaba wa milimita 2.5 za mraba, au 1.5 kama hauzidi mita 5. Kwaruza uzi mmoja kwa wembe, na ukiona weupe chini ya wekundu umeuziwa alumini iliyopakwa shaba. Funga nyekundu kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi katika spika zote mbili, la sivyo koni zitapingana na besi itapotea. Nyugwe za bei ya ng'ombe waachie wenye ng'ombe. Mpwa wangu alibadilisha, akatia milimita 2.5, ukinzani ukashuka kutoka karibu omu 2 hadi chini ya 0.2, na besi ikarudi barazani jioni ile ile.

Barua ya tatu naipeleka posta wiki hii. Safari hii nimetia ndani ya bahasha kipande cha ugwe, sentimita 10, nimekichuna ncha zote mbili na kuzitawanya nyuzi zake.