Kabla Useme Ushago Hakuna Msaada wa Serikali

Kama umewahi kununua kitu City Market hapa Nairobi, umepita barabara ya Muindi Mbingu. Wengi wetu tunajua tu jina. Ni wachache wanajua jamaa huyu alikuwa nani, na story yake inajibu swali ambalo vijana wa ushago huniuliza sana: hii miradi ya serikali ya wakulima, mtu huipata wapi?

Turudi nyuma kidogo. Miaka ya 1930, Machakos ilikuwa na shida kubwa ya mmomonyoko. Mvua ikinyesha, udongo unaenda na maji, makorongo yanabaki. Wakoloni walikuwa wameshachukua ardhi na malisho mengi, wakawabana Wakamba pamoja na mifugo yao. Lakini lawama ikaangukia ng'ombe. 1938 serikali ikaanza kupunguza mifugo kwa nguvu. Ng'ombe wakakamatwa na kuuzwa bei ya kutupa, wengi wakaishia kwa kiwanda cha nyama cha Athi River.

Muindi Mbingu akaongoza watu kutembea hadi Nairobi, wanaume, wanawake na watoto. Walipiga kambi wiki kadhaa wakitaka kuongea na gavana. Yeye alikamatwa akapelekwa uhamishoni Lamu, lakini ule unyakuzi wa ng'ombe ukasimamishwa.

Kumbuka, kwa karatasi huo ulikuwa mradi wa kuhifadhi udongo. Ulianguka kwa sababu mwenye shamba hakuulizwa kitu.

Sasa linganisha na kilichokuja baadaye. Wakulima wa huko huko walianza kupendelea fanya juu: unachimba mtaro kukata mteremko, udongo unautupa upande wa juu. Ule ukuta unashika maji, na baada ya misimu kadhaa shamba linakuwa kama ngazi. Kazi ni ngumu, kwa hivyo walichimba kwa mwethya, yaani kikundi cha majirani. Leo kwangu, kesho kwako. Akina mama ndio walibeba sehemu kubwa. 1974 serikali ikaanzisha mpango wa kitaifa wa kuhifadhi udongo, Sweden ikisaidia, na maafisa wakakuta vikundi viko tayari. Mwaka wa 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kikionyesha watu wa Machakos wameongezeka zaidi ya mara tano tangu miaka ya 1930, na mmomonyoko umepungua. Hadi leo wataalamu duniani huandika "fanya juu" kwa Kiswahili.

Maoni yangu ni haya: msaada wa serikali hufika haraka mahali watu wamejipanga. Mwaka jana nilimsindikiza susu yangu kwa ofisi fulani ya kilimo. Mlango umefungwa, hakuna hata notisi. Aliyetusaidia ni katibu wa kikundi chake cha akina mama, ambaye alikuwa na namba ya afisa wa ugani. Bila kikundi tungerudi nyumbani mikono mitupu.

Na hiyo si haki, kwa sababu Katiba ya 2010 iliweka kilimo chini ya kaunti, pamoja na kutekeleza sera za kuhifadhi udongo na maji. Si hisani. Kwa hivyo anza na afisa wa kilimo wa wadi yako. Kisha chifu, maana hata usajili wa wakulima wa mbolea ya bei nafuu ulipitia kwa machifu, na bila kusajiliwa huwezi kupata ujumbe wa kuchukua mbolea. Halafu bajeti: makadirio ya kaunti hufika bunge la kaunti kabla ya Aprili 30 kila mwaka, na sheria inataka wananchi wasikizwe. Ukikosa hapo, usishangae pesa za matuta zikienda kwingine.

Wewe uko na bando na unajua kusoma hizo karatasi ndefu. Susu ako na shamba na kikundi. Wikendi hii mpigie simu, umuulize kama amesajiliwa na kama anamjua afisa wa ugani wa kwao. Akisema hapana, hiyo kazi ni yako.