Betri kuukuu huinyonya mpya: Hesabu ya vitanzi yafichua

WENGI wanaotumia umeme wa jua nyumbani, taa zinapofifia, huunganisha betri mpya na ile kuukuu wakidhani kwamba mbili zitasaidiana. Je, ni kweli? Jibu hupatikana kwa kalamu na karatasi, kupitia hesabu ya mikondo ya vitanzi.

Kitanzi ni njia ya umeme inayozunguka na kurudi ilikoanzia, bila kuzingira kitanzi kingine ndani yake. Mwanafizikia Mjerumani, Gustav Kirchhoff, alieleza mwaka wa 1845 kwamba ukizunguka kitanzi kizima, volti zinazotolewa na betri hulingana na volti zinazotumiwa na ukinzani uliomo.

Chukua betri mpya ya volti 12 na kuukuu iliyoshuka hadi volti 9. Taa yenye ukinzani wa omu 10 imo katikati yao, na ncha chanya za betri zote mbili zimeunganishwa pamoja. Kwa wepesi wa hesabu, tuseme kila betri ina ukinzani wa ndani wa omu 1.

Kwanza, tambua vitanzi. Hapa vipo viwili: betri mpya na taa, kisha taa na betri kuukuu. Pili, kipe kila kitanzi mkondo wake, X na Y, yote ikifuata mwendo wa akrabu za saa. Tatu, kumbuka kwamba taa imo katika vitanzi vyote viwili na mikondo hiyo hupishana ndani yake. Kwa hivyo mkondo wa taa ni X kutoa Y.

Nne, andika milinganyo:

Kitanzi cha kwanza: 1X + 10(X − Y) = 12, yaani 11X − 10Y = 12.

Kitanzi cha pili: 10(Y − X) + 1Y = −9, yaani −10X + 11Y = −9. Alama ya kutoa mbele ya 9 yatokana na mkondo Y kuingia betri kupitia ncha chanya.

Zidisha mlinganyo wa kwanza kwa 11 na wa pili kwa 10, kisha ujumlishe: 21X = 42. Hivyo X ni ampea 2, na Y ni ampea 1.

Maana yake ni nini? Betri mpya yatoa ampea 2, lakini taa yapata ampea 1 pekee. Ile nyingine yamezwa na betri kuukuu.

Hakiki kwa wati. Betri mpya hutoa wati 24: wati 4 hupotea ndani yake kama joto, 10 huwasha taa na 10 huishia katika betri kuukuu. Jumla ni 24, kwa hivyo hesabu ni sahihi.

Iwapo jibu lako litakuwa na alama ya kutoa, usifute kazi yako. Huashiria tu kwamba mkondo wenyewe waelekea upande ulio kinyume na uliouchagua.