Tawasifu iliyopanda jukwaani

Siku hizi mwanamuziki wa roki akitoa kitabu cha maisha yake, shughuli yake inajulikana. Ukumbi unakodiwa. Jukwaani panawekwa viti viwili na meza ndogo yenye glasi za maji, mtangazaji anapakata kitabu kilichochomekwa vikaratasi vya alama, na mara nyingi aliyekata tiketi hurudi nyumbani na nakala yake. Ukiitazama, utadhani desturi hii imekuwapo tangu gitaa lilipotiwa umeme. Kumbe ni mwaka 1996 tu ambapo kituo cha televisheni cha VH1 cha Marekani kilianzisha kipindi cha Storytellers, cha wanamuziki kuimba na kusimulia mbele ya watu wachache, na chimbuko la kipindi hicho ni kitabu kimoja cha Mwingereza mmoja mgumu kuhojiwa: Ray Davies wa bendi ya The Kinks.

Habari zake zimo katika vitabu viwili vilivyoandikwa na ndugu wawili. Kaka mtu alitoa X-Ray mwaka 1994. Mdogo wake na mwanabendi mwenzake, Dave, akajibu kwa Kink mwaka 1996. Nakiri mapema kwamba mdogo mtu ndiye aliyeniteka zaidi, kwa hiyo msomaji anipokee na upendeleo wangu.

Walizaliwa Fortis Green, kaskazini mwa London, Ray mwaka 1944 na Dave mwaka 1947, vitinda mimba wa nyumba yenye watoto wanane. Sita waliowatangulia wote ni wasichana. Jumamosi usiku wakubwa walitoka baa wakajazana sebuleni penye piano, na kila mmoja akaimba wake. Rene, mmoja wa madada hao, alikuwa na moyo uliodhoofishwa na maradhi ya utotoni, na daktari alishamkataza kucheza dansi. Juni 21, 1957, Ray alipotimiza miaka 13, dada huyo alimpa gitaa alilokuwa akiliota. Jioni ileile akaenda kucheza dansi katika ukumbi wa Lyceum, akafia palepale sakafuni. Mwenye mkasa kama huo hahitaji mtangazaji wa kumchokonoa ndipo apate la kusema.

Yaliyofuata yanajulikana: You Really Got Me mwaka 1964, umaarufu, fedha, na kesi.

Lisilosimuliwa vya kutosha ni la Cardiff. Usiku wa kuamkia Mei 19, 1965, Dave na mpiga dramu Mick Avory walikuwa wametwangana mjini Taunton, na jioni iliyofuata Dave akapanda jukwaa la Capitol Theatre ya Cardiff na miwani myeusi ya kufunika macho yaliyovilia damu. Wimbo wa kwanza ulipokwisha, aligeuka nyuma, akamporomoshea mwenzake matusi na kuzipiga teke dramu zikatawanyika. Avory akanyanyua kipande cha chuma kinachoshikilia matasa na kumtwanga nacho kichwani. Dave alianguka akazirai mbele ya umati. Avory, akiamini ameua mtu, alitoka mbio na nguo zake za jukwaani hadi mtaani. Hospitali ilimshona Dave nyuzi 16. Polisi walipouliza, walielezwa kwamba lile lilikuwa igizo jipya, eti wanabendi hurushiana vyombo kunogesha onyesho! Avory aliendelea kupiga dramu katika bendi hiyohiyo hadi mwaka 1984. Mwaka uleule wa Cardiff, chama cha wanamuziki cha Marekani kiliwafungia mlango Kinks, na ukabaki umefungwa kwa miaka minne, ile minne ambayo bendi nyingine za Kiingereza zilikuwa zikivuna huko.

Turudi kwenye kitabu. Ray, aliyekwisha kuchoshwa na waandishi wa magazeti, alimbuni wa kwake. X-Ray ni kisa cha kijana asiye na jina, anayetumwa na Shirika linalotawala kila kitu katika zama zijazo, amwendee mzee mmoja mbishi aitwaye R.D. na kumtoa maneno. Yaani tawasifu nzima ni mahojiano, na mwulizaji na mjibuji ni mtu mmoja. Jaladani akaongeza mzaha kwamba tawasifu hii haina idhini. Idhini ya nani, kama si yake mwenyewe?

Alipozunguka kukitangaza, hakutaka kukaa kitini na kuulizwa. Alisoma kurasa, akaweka kitabu, akachukua gitaa, akaimba wimbo uliozaliwa na kurasa hizo, kisha akarudi kusoma. Onyesho likapewa jina la 20th Century Man. VH1 waliliona, wakalipenda, wakalifanya kuwa kielelezo cha kipindi chao. Na mgeni wa kwanza akawa yeye yule. Katika onyesho hilo kijana wa Shirika hakuhitajika tena. Mzee alibaki peke yake na gitaa, na mpigaji mmoja wa kumsindikiza.

Dave hakufurahia kusimuliwa na mwingine. Amewahi kueleza kwamba alipotimiza miaka 50, Ray ndiye aliyegharamia sherehe. Keki ilipokaribia kukatwa, kaka mtu alipanda juu ya meza, akahutubia kujisifu, kisha akaikanyaga keki.

Baadaye njia ilijaa. Keith Richards alihojiwa katika Maktaba ya Umma ya New York mwaka 2010. Bruce Springsteen, mwaka mmoja baada ya kitabu chake, alihamia Broadway na kufanya maonyesho 236 hadi Desemba 2018, bila wa kumhoji, katika ukumbi usiofikisha viti 1,000 ambako tiketi ya juu iliuzwa dola 850. Bono alifuata mwaka 2022. Palipo na mwulizaji siku hizi, aghalabu ni rafiki wa nyumbani, anayeuliza lile ambalo jibu lake limeshachapwa ukurasa wa 40. Afadhali kijana wa kubuni wa Ray. Yeye walau alimshuku mzee wake.

Desemba 18, 2015, Dave alikuwa na onyesho lake katika Islington Assembly Hall, London. Kuelekea mwisho, Ray alitokea jukwaani, na ndugu wakaimba pamoja kwa mara ya kwanza baada ya karibu miaka 20. Hawakusoma ukurasa wala kusimulia kisa. Walipiga You Really Got Me, wimbo ambao sauti yake ya mkwaruzo ilipatikana baada ya Dave, akiwa kijana, kuchana kwa wembe spika ya amplifaya yake ndogo ya kijani.