Rebecca Crumpler: Daktari Aliyewaandikia Akina Mama

Mwaka 1860 Marekani ilikuwa na madaktari zaidi ya 54,000. Wanawake kati yao walikuwa kama 300 tu, na mwanamke mweusi hakuwamo hata mmoja. Mwaka huohuo, chuo cha udaktari cha wanawake cha New England, mjini Boston, kilimpokea muuguzi mweusi aliyeitwa Rebecca Lee.

Rebecca alizaliwa Delaware mwaka 1831, akalelewa Pennsylvania na jamaa yake wa kike ambaye majirani walimkimbilia kila walipouguliwa. Alipohamia Massachusetts alifanya uuguzi kwa miaka minane bila kupitia darasa lolote la uuguzi, na madaktari aliowasaidia ndio waliomwandikia barua za kumpeleka chuoni.

Masomo hayakuwa mepesi. Mumewe alifariki mwaka 1863, na walimu wakasita kumpitisha. Hata hivyo, Machi 1, 1864 alihitimu, akawa mwanamke mweusi wa kwanza Marekani kupata shahada ya udaktari.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipokwisha, alikwenda Richmond, Virginia, akiwa sasa ameolewa na Arthur Crumpler. Huko aliwatibu watu waliotoka utumwani, wengi wao wakiwa hawana daktari mwingine. Inasimuliwa kwamba baadhi ya wauza dawa walikataa vyeti vya dawa alivyoviandika. Aliporudi Boston alianza kutoa matibabu nyumbani kwake, mtaa wa Joy, akipokea watoto bila kujali kama wazazi wana fedha.

Mwaka 1883 alichapisha kitabu cha tiba. Hakuwalenga madaktari wenzake, bali akina mama na wauguzi. Alieleza namna ya kumwosha mtoto mchanga, kunyonyesha, kuachisha ziwa na kukabili kuhara. Hoja yake kuu ilikuwa kinga: kila maradhi yana chanzo, na mara nyingi mama anaweza kukiondoa mapema.

Crumpler alifariki mwaka 1895. Hakuna picha yake inayojulikana, na kaburi lake liliwekewa jiwe la jina mwaka 2020 tu. Kwa miaka mingi sifa ya kuwa wa kwanza alipewa daktari mwingine mweusi, Rebecca Cole, aliyehitimu mwaka 1867. Makosa hayo yalisahihishwa hasa kwa sababu Crumpler mwenyewe, katika kurasa chache za mwanzo za kitabu chake hicho, alieleza alikosomea na mwaka aliohitimu.